Maji ni Ejo

Mjukuu wangu Aline alipofunga chuo mwezi wa Julai, alipanda hadi kwetu Heru Juu akiwa na begi moja mgongoni na tangazo moja mdomoni: amekuja fildi. Mimi nilisomeshwa na walimu waliomchapa mtu kwa kosa la herufi moja, na Kiingereza kidogo walichoniachia kinaniambia kwamba neno hilo maana yake ni shamba. Nikaingia ndani, nikamtolea jembe.

"Babu, si shamba," alisema huku akicheka. "Nasomea usimamizi wa michezo. Nimepangiwa kwenye mbio za baiskeli."

"Basi sema mafunzo kwa vitendo. Na jembe ulirudishe ulipolikuta, maana maharage ya bondeni hayana habari na mafunzo yako."

Aline akamgeukia Esteri, mke wangu, aliyekuwa akimenya mihogo. "Mke mwenzangu, huyu mume wetu hajabadilika hata kidogo."

"Nimemvumilia peke yangu miaka yote hii," Esteri akajibu. "Umechelewa kuja kunipokea zamu."

Mimi ni Nkunzimana. Wazazi wangu walitoka Burundi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Nchi hii ikanilea, ikanisomesha hadi shule ya kati, na mwishowe ikaniandika kuwa raia wake. Nayasema haya ili msomaji aelewe kwamba shukrani si kitu kigeni nyumbani kwangu. Lakini shukrani ninayotaka kuieleza hapa ni ya mwaka huu, na inahusu maji ya kunywa.

Mbio zenyewe zilikuwa za baiskeli zisizo na gia, zile nzito za chuma ambazo watu wetu hubebea magunia ya mihogo. Waendeshaji wangeondoka Kibondo alfajiri ya Jumamosi, wakashika barabara kuu hadi Kasulu, kisha wangeiacha lami na kuupanda mlima wetu, wakazunguka kanisani na kushuka tena mjini, kumalizia uwanjani. Kwa watu wa Heru Juu, kipande hicho cha mlima ndicho kilichokuwa mashindano yenyewe. Mikutano, maonyesho na mipira huishia mjini, nasi huifuata huko kwa miguu au kwa bodaboda. Safari hii jambo la watu lilikuwa linatupandia sisi.

Aline alipewa kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuviandaa vituo vya maji vya mlimani. Ya pili, siku yenyewe, ilikuwa kusimama uwanjani kwenye mstari wa kumalizia, ashike kamba ya ushindi na kuwapanga washindi kwa nafasi zao. Kazi hii ya pili niliitangaza. Ndugu zetu wa Titye waliahidi kuja kumwona, na hata jamaa wa mbali wa Kasanda walituma salamu kwamba watashuka.

Aliyemsimamia alikuwa Bwana Hashimu, mratibu wa mashindano, mtu wa Tanga mwenye kofia safi na salamu ndefu. Ndiye ambaye angempa alama za mafunzo, na asipopita, chuo kingemtaka ayarudie mwaka unaofuata. Nilimpenda mtu huyu kwa sababu moja: alipofika kwetu alitaka kujua tunavyosema. Wageni wengi wa mjini hukaa kwetu mwaka mzima bila kujua hata salamu yetu. Yeye aliuliza kila kitu kinaitwaje kwa Kiha, lugha yetu, jina kwa jina.

"Jana mnasemaje?" aliuliza siku moja, akiwa barazani kwangu na sahani ya ugali wa muhogo.

"Ejo," Aline akajibu.

"Ejo. Na kesho?"

Aline alikuwa akifunga kamba za viatu, bodaboda ikimsubiri barabarani. "Hiyo kesho nitakufundisha kesho, bosi," alisema. Tukacheka, naye akaondoka.

Kesho yake hakumfundisha, wala keshokutwa. Na kwa kweli hapakuwa na neno jipya la kumfundisha. Kwetu ejo ni jana, na ejo hiyohiyo ni kesho. Anayesikiliza huitambua siku kwa kitendo kinachoandamana na neno: tulilima ejo, tutalima ejo. Mtoto wa hapa hakosei. Mgeni aliyepewa nusu ya neno hana njia ya kujua kwamba ipo nusu nyingine.

Kituo cha kileleni, mbele ya kanisa, kilikabidhiwa kwa Mpawenimana, mjane anayeongoza kwaya ya kina mama. Lori la maji ya chupa lilihudumia vituo vya chini siku ya Jumatano. Kileleni lingepanda Ijumaa. Kama tulivyokuja kuelewa baadaye, Alhamisi Bwana Hashimu alimpigia Mpawenimana simu kuhakikisha. Hawa wawili walikuwa hawajawahi kuonana. Alimsalimu kwa Kiha, na mama yule alifurahi kiasi cha kuona kwamba adabu inamtaka naye ajibu kwa lugha aliyosalimiwa.

"Maji vipi, mama?" Hashimu aliuliza.

"Maji ni ejo, baba. Ejo asubuhi."

Mama alisema kesho, Hashimu akasikia jana, akadhani lori lilifika kileleni siku ile ile ya Jumatano. Akamshukuru, akakata simu, akaliamuru lori lipeleke maji yote yaliyobaki Kibondo, mahali mbio zitakapoanzia.

Ijumaa jua likiwa limekwisha kupanda, Mpawenimana alibisha hodi langoni kwangu.

"Mzee Nkunzimana, yuko wapi huyu binti? Nimekaa kanisani tangu asubuhi kama bibi harusi aliyeachwa. Lori silioni."

Aline akampigia dereva. Tuliisikia sauti ya dereva hadi barazani. "Niko Kibondo napakua, dada. Bosi kasema kileleni mlishapata."

"Nani kamwambia tumepata?"

"Mimi niliongea naye jana," Mpawenimana akasema kwa mshangao. "Nilimwambia wazi, maji ni ejo."

Aline aliishusha simu taratibu. "Ejo," alirudia kwa sauti ndogo, kisha akanitazama. Nilikuwapo barazani siku ile ya viatu. Alijua kwamba najua.

Hali ilikuwa mbaya kuliko inavyosikika. Daktari wa mashindano aliweka sharti kwamba Ijumaa jioni atapanda kukagua, na asipokuta maji safi ya kutosha kileleni, kipande cha mlima kitafutwa na mbio ziishie mjini. Agosti kwetu ni vumbi na jua kali, na mtu aliyeendesha chuma kile kutoka Kibondo hawezi kupandishwa mlima bila maji. Sharti lilikuwa la haki, na lori, hata likipakia upya, lisingefika kabla ya jioni. Maduka ya Kasulu nayo yalikuwa yameuza karibu chupa zote kwa wageni waliojaa nyumba za kulala.

Kamati ilikuwa ikutane mchana huo, nami nilikuwa mjumbe kwa niaba ya wazee wa Heru Juu. Tukapanda bodaboda mbili, Aline mbele, mimi nyuma. Njia nzima sikumwambia neno. Ushauri ninao mwingi, na Esteri atathibitisha kwamba siubanii, lakini yako mambo ambayo mtu akishauriwa ayatende, hayawi yake tena.

Tulikutana chumba cha nyuma ya duka la vitenge la Mwajabu, mwenyekiti wa kamati, mwanamke wa maneno machache wakati wa biashara na mengi baada yake.

"Bwana Hashimu," alianza, "lori liko Kibondo, daktari anapanda jioni, na kileleni hakuna hata tone. Tueleze."

"Mwenyekiti, niliulizia mwenyewe. Mama wa kituo aliniambia maji yaliletwa jana."

"Alikwambia yaliletwa?"

"Aliniambia ejo. Neno hilo nalijua, nimefundishwa."

Chumba kizima kikaangua kicheko.

"Baba, ejo ni kesho," mjumbe mmoja akamwambia.

"Ejo ni jana," Hashimu akashikilia.

"Ni jana pia," alisema Mwajabu, akifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Mimi babu zangu walitoka Pangani, na hilo nalijua. Aliyekula ejo ameshiba, atakayekula ejo ana njaa. Mtazame tumbo, utaijua siku."

"Kwenye simu nitamtazamaje tumbo?"

Wakacheka tena, lakini yeye hakucheka. Mtu mzima akichekwa hadharani hutafuta mahali pa kuitua aibu yake, na palipo karibu zaidi ni kwa mtu asiyekuwapo.

"Basi mama yule alinichezea," alisema. "Alijua mimi mgeni. Hakuyafuatilia maji, akanitupia neno la pande mbili ili ajifiche nyuma yake. Huyo ni mwongo, na mwongo hapewi kituo."

Kicheko kilikatika. Mwajabu aliikunja ncha ya mtandio wake mapajani, akaikunjua. Kwenye vilima vyetu mtu huweza kuitwa maskini akanywa chai na aliyemwita, lakini mwongo ni jina linalofuata hadi kwa watoto. Mpawenimana alikuwa mlimani, akingoja lori, bila habari.

Niliushika mkongojo wangu kwa mikono miwili. Nilikuwa na neno la kumtetea, tena la kutosha. Nilingoja. Aline alikuwa amekaa karibu na mlango, penye viti vya vijana, akitazama sakafu. Angeweza kukaa kimya. Mkutano ungekwisha, lawama ingegawanywa kati ya mgeni asiyejua lugha na mjane asiyekuwapo, naye angepata alama zake safi. Nakiri kwamba katika maisha yangu sikumbuki kungoja sauti ya mtu kwa hamu kama ile.

"Mwenyekiti, naomba nafasi," Aline alisema, akasimama.

"Sema, mwanangu."

"Mama Mpawenimana hajadanganya. Bosi pia hajadanganya. Neno hilo nilimfundisha mimi, nikamfundisha nusu. Aliniuliza kesho inasemwaje, nikamfanyia mzaha, nikaondoka. Na vituo vya mlimani viko chini yangu. Jana nilipaswa kupanda kukitazama cha kileleni. Sikupanda. Nilikuwa uwanjani nikijifunza kushika kamba ya ushindi."

Bwana Hashimu alimgeukia.

"Unajua kwamba anayekupa alama ni mimi?"

"Najua, bosi."

"Na umesimama."

"Mama Mpawenimana hayupo hapa ajisemee."

Bwana Hashimu aliivua kofia yake, akaitazama ndani kana kwamba ameandikiwa jibu humo, akaivaa tena. "Kaa," alisema. Halafu, kabla Aline hajaketi: "Hapana, usikae. Ulikosea, haya. Maji utayapata wapi?"

"Kwaya ina masufuria ya harusi, yale makubwa. Chemchemi yetu haikauki. Tukianza sasa hivi, maji yatachemka na kupoa kabla ya kesho. Daktari akubali tu kuja kuona yakichemka."

Mwajabu akampigia daktari hapo hapo. Daktari alikubali, ila vyombo viwe vyenye mifuniko, na aone kwa macho yake.

"Nenda mlimani," Hashimu alimwambia. "Na kesho utakuwa huko huko kutwa. Mstari wa kumalizia nitamweka mwingine."

"Sawa, bosi."

Niliwafikiria ndugu wa Titye, ambao pengine walikuwa wakipiga pasi nguo zao wakati ule. Kisha nikafikiri kwamba watakaponiuliza kwa nini binti hayupo uwanjani, nitakuwa na jambo la kuwajibu, na nitalijibu bila kuinamisha kichwa.

Kwetu, nyumba ikiwa na harusi au msiba, jirani haombwi kuni, huja nazo. Alasiri ile haikuwa harusi wala msiba, na hapakuwa na nyumba yenye shughuli, bali uwanja mtupu wa kanisa na kina mama wawili watatu wakipanga mafiga. Kuni zilikuja. Zilikuja vichwani na kwenye baiskeli, na mzee mmoja ambaye hatujasemezana vizuri tangu kesi ya mpaka wa shamba alitua mzigo wake, akanipa mkono, akarudi zake bila kusubiri asante. Naiandika asante yake hapa. Vijana walipanga foleni hadi chemchemi. Kina mama waliyasugua madumu kwa majivu mpaka Mpawenimana akawaambia wayaache, yasije yakatoboka. Kutoka mjini Mwajabu alituma vikombe, ndimu, sukari na chumvi, pamoja na ujumbe kwamba Pangani nao huchemsha maji.

Mpawenimana alikuwa ameelezwa yote, pamoja na jina aliloitwa. Nani alimweleza? Aline. Alimfuata penye moto, akapiga magoti kama anavyopaswa mtoto mbele ya mkubwa, akasema kila kitu. Mama alimsikiliza bila kuacha kukoroga.

"Simama, moshi utakuharibu macho," alimjibu. "Mwanangu, mimi nimeishi na majina mabaya kuliko hilo. Shika mwiko, mkono umechoka."

Daktari alifika jua likielekea kuzama. Aliyaona masufuria yakitokota, akafunua madumu ya maji yaliyotangulia kupoa, akaonja. "Mlima upo," alisema. Watu walipiga makofi, na mimi nikapiga pamoja nao.

Asubuhi ya mbio nilikaa kwenye ukingo wa barabara mbele ya kanisa, na hapo ndipo nilipoiona kazi ambayo mjukuu wangu anaisomea. Nilidhani kumpa mtu maji ni kumpa mtu maji. Aline aliwakusanya kina mama mapema, akawaeleza kwamba mwendeshaji akisimama kwenye mwinuko na chuma kile, hataweza kuanza tena. Kwa hiyo asisimamishwe, wakimbie naye. Akawapanga pande mbili, kila mmoja na kikombe kilichojaa nusu, akawafanyisha mazoezi ya kukimbia sambamba na baiskeli, kikombe kikiwa mbele ya mkono wa mwendeshaji. Mbele zaidi aliweka mapipa ya kutupia vikombe, mahali ambapo maji yangekuwa yameshanywewa.

"Na mimi nikimbie?" Mpawenimana aliuliza.

"Wewe mama ukae upige kelele."

"Hiyo naiweza tangu nizaliwe."

Wa kwanza walipotokeza kwenye kona, wakiwa wameinama juu ya usukani, vumbi limewafanya weupe kama waliopakwa unga, kina mama wa kwaya wakatoka mbio. Vitenge vilipandishwa, viatu viliachwa kando ya barabara. Mwanamke mmoja alikimbia na kijana wa Kibondo hadi kwenye kona ya pili akimwambia, "Kunywa, mwanangu, kunywa, mama yako ananiona," na kijana alikunywa. Aline alikuwa kila mahali. Hakuna aliyesimama, hakuna aliyeanguka mlimani kwetu. Ndugu wa Titye walisikia mjini kwamba binti yuko juu, wakapanda kwa bodaboda, wakakuta nafasi kando yangu.

"Ulituambia uwanjani," binamu yangu alinilaumu.

"Alihamishwa."

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Akasema, "Basi huku ni kuzuri zaidi. Uwanjani ungemwona ameshika kamba tu."

Mwendeshaji wa mwisho alipita wakati watu wengine wamekwisha kushuka, gari la kufunga njia likimfuata nyuma. Aline alikimbia naye mwenyewe.

Jumapili Bwana Hashimu alikuja nyumbani. Alikaa barazani, akakataa chai kwanza, kisha akaikubali. Alimwita Aline, akamsomea alama zake mbele yangu na mbele ya Esteri. Alikuwa amempitisha. Lakini kwenye mawasiliano alimpunguzia vibaya, na kwenye usimamizi wa vituo kabla ya siku ya mbio alimpunguzia tena, akieleza sababu ya kila punguzo kwa maneno ambayo hata mimi nisingeyapinga. Kwa kazi ya siku ya mbio alimpa alama zote.

Uso wa Aline ulishuka kidogo, halafu ukatulia. "Ni haki, bosi," alisema.

Nilisimama, nikampa Bwana Hashimu mkono. Nilimshukuru kwa alama alizompa mjukuu wangu, nikamshukuru zaidi kwa zile alizomnyima. Angeweza kumpa zote kwa huruma, au kumnyima zote kwa hasira, kwa kuwa aliaibika mbele ya watu na sababu ilikuwa Aline. Alimpima kama mtu mzima. Walimu wangu wa zamani wangefanya vivyo hivyo, ingawa wao wangeongeza fimbo.

"Mzee," alisema, akiwa bado ameushika mkono wangu, "nina jambo lingine. Nilimwita mtu jina lisilo lake, mbele ya watu. Nataka unipeleke kwake."

"Yuko kanisani. Ibada haijaisha."

"Nitangoja nje."

Tukaenda. Alisimama chini ya jua, kofia yake safi kichwani, akisikiliza kwaya hadi mwisho, naye Muislamu wa Tanga ambaye angeweza kutuma ujumbe kwa simu na hakuna ambaye angemlaumu. Watu walipoanza kutoka nilimwonyesha Mpawenimana. Alimwendea mbele ya wanakwaya wote, kwa sababu kamati nayo yote ilimsikia akimwita mwongo. Aliongea Kiswahili, polepole, ili asikosee.

"Mama, mimi ndiye Hashimu. Nilisema wewe ni mwongo. Si kweli. Nimekuja kukuomba radhi."

Mpawenimana alimtazama kuanzia kofia hadi viatu vilivyojaa vumbi letu. Alimpa kitabu chake cha nyimbo mwanakwaya aliyekuwa nyuma yake, ili mikono yake yote miwili iwe huru, akaishika ya mgeni.

"Kumbe ndiye wewe," alisema. "Twende nyumbani ukae, baba. Hata kusalimiana bado hatujasalimiana."